Pesa ya mboga kisiwani: kisima, mipira ya maji na siku 45 za kuingojea hoteli

Msomaji mmoja wa Muyuni, Kusini Unguja, ameniandikia. Nimefupisha barua yake: "Assalamu alaykum. Sisi ni kikundi cha akina mama 18. Tunalima mchicha, bamia, tungule (nyanya) na pilipili boga kwenye eka mbili tulizoazimwa na mjomba wa mwenzetu. Hoteli zimetuzunguka lakini mboga zao zinatoka bara. Tumepiga hesabu, tunahitaji milioni 25: kisima milioni 9, pampu ya jua na tangi milioni 5, kitalu nyumba milioni 8, mipira ya matone milioni 2, mbegu na dawa milioni 1. Wapo wanaotwambia tuandike andiko la mradi tumpelekee mfadhili, wapo wanaosema twende benki, na wengi wetu hatutaki riba. Pesa hii tuitafute wapi?"

Wa alaykum salaam, dada yangu. Jibu langu la mwanzo ni kwamba msiitafute milioni 25 kwa mtu mmoja. Katika orodha yenu mna vitu vya aina tofauti kabisa. Kisima kitadumu miaka 20, mbegu zinakwisha wiki moja. Mkikopa kwa ajili ya kisima mtalipa deni kabla ya kuona faida yake, na mkingoja mfadhili awanunulie mbegu, msimu utawapita. Kila fungu lina pesa yake inayolifaa, na kazi ya mweka hazina wenu ni kuoanisha mawili hayo. Tena nikiitazama orodha naona kitu kimoja hakimo, nacho ndicho kinachoviangusha vikundi vingi vya mboga Unguja na Pemba hata vikiwa vimeshachimbiwa kisima na kupewa tangi. Nitaanza na hicho.

Hoteli hailipi mkononi. Mnapeleka mboga Jumatatu, mtu wa manunuzi anasaini karatasi, karatasi inakwenda kwa mhasibu, na pesa huja baada ya siku 30, 45, mara nyingine 60. Tuseme mmekubaliwa kupeleka mboga za shilingi 300,000 kwa wiki, na hoteli inalipa baada ya siku 45. Hiyo ni wiki sita na siku tatu. Kabla hamjapokea shilingi ya kwanza, mboga zenu za karibu milioni 2 zitakuwa zimeshaliwa na wageni wakarudi kwao. Katika wiki hizo sita mnahitaji dawa, nauli ya gari la kupelekea mzigo, na kila mama anahitaji kitu cha kupeleka nyumbani. Ndipo kikundi kinapoanza kumuuzia tungule mchuuzi wa njiani kwa bei yoyote kwa sababu yeye analipa taslimu. Hoteli inakosa mzigo wiki mbili, mpishi mkuu anampigia simu msambazaji wake wa mjini anayepokea shehena kutoka bara, na mlango mlioufungua kwa shida unafungwa. Watu watasema akina mama wa kijijini hawaaminiki, hawana mwendelezo. Walichokosa ni milioni 2 za kungojea.

Kwa hiyo andikeni fungu hilo katika orodha: fedha ya mzunguko, milioni 2. Msiiguse kwa jambo jingine. Na mnapozungumza na hoteli, muda wa kulipa uzungumzwe mwanzo, pamoja na bei. Hoteli ndogo zinazoendeshwa na wenyewe, zile za vyumba kumi au kumi na tano, mara nyingi hukubali kulipa kila wiki mbili kwa sababu anayeamua yuko papo hapo. Hoteli kubwa ina utaratibu wake na hautabadilika kwa ajili yenu. Basi pelekeni kwa hoteli kubwa kiasi ambacho mnaweza kukidai bila kulala njaa, na kilichobaki kiende kwa ndogo na sokoni. Deni la hoteli moja likifika kiwango mlichojiwekea, simamisheni mzigo mpaka ilipe. Kiwango hicho kiandikwe kwenye daftari la kikundi, ili siku ikifika uamuzi uwe wa kikundi na asilaumiwe aliyepeleka mzigo.

Tuje kwenye maji. Mpo katika ukanda wa maweni, ardhi ya mawe ya matumbawe, na huko maji matamu yamekaa juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa ni mepesi kuliko ya bahari. Kanuni wanayoitumia wataalamu wa maji ni kwamba kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikiliwa na takriban mita 40 za maji matamu chini yake. Maana yake kwa mkulima ni nzito: mkivuta sana mkashusha maji kwa mita moja tu pale kisimani, chumvi inaweza kupanda kutoka chini kwa mita nyingi. Kisima kinaanza kitamu mwezi wa kwanza, na kufika kaskazi kali ya Februari bamia zinaungua ncha za majani. Pampu kubwa si sifa hapo. Afadhali pampu ndogo ya jua inayovuta polepole mchana kutwa na kujaza tangi, kuliko mashine ya petroli inayokausha kisima kwa saa moja.

Kabla hamjachimba, nendeni Mamlaka ya Maji, ZAWA, mpate kibali na ushauri wa mahali pa kuchimba. Pimeni pia chumvi kwenye visima vya jirani, mwishoni mwa kiangazi wakati maji yako chini, msipime baada ya masika yakiwa mazuri. Kipimo ni kidogo cha mkononi, na afisa kilimo anaweza kuja nacho. Namba za kushika ni hizi, kwa kipimo cha desisimensi kwa mita (namba ikipanda, chumvi imezidi): tungule huvumilia maji mpaka takriban 1.7 bila kupoteza mavuno, pilipili boga mpaka 1.0, maharage 0.7 tu. Jirani akiwa na 2.5, jueni pilipili boga zenu zitakuwa za shida na mpango mzima wa mauzo ubadilike, muegemee mazao yanayovumilia. Jambo hili lina uhusiano wa moja kwa moja na pesa. Nani atawakopesha milioni 9 za kisima ambacho hakijulikani kitatoa maji gani?

Ndiyo maana nasema kisima kisichimbwe kwa mkopo. Kisima ni cha pesa isiyorudi. Na kisiwani kwetu pesa hiyo ipo, tena ya asili kabisa: sadaka jariya, ile ambayo thawabu zake zinaendelea. Ndugu zetu walioko Oman, Dubai, Uingereza na Canada huchangishana kila mwaka kuchimba visima vijijini, na zipo jumuiya za hapa zinazopokea fedha hizo na kusimamia kazi. Wengi wao hutoa kwa nia ya maji ya kunywa. Basi waambieni tangu siku ya kwanza, kwa maandishi, kwamba kisima kitakuwa na bomba la kijiji na bomba la shamba. Mtoaji akikubali, nia yake imekuwa hiyo na hapatakuwa na manung'uniko baadaye. Mkimficha, mkachukua maji ya sadaka mkamwagilia pilipili za kuuzia hoteli huku majirani wamepanga foleni na ndoo, mtaingia katika ugomvi wa kijiji na katika suala la sheria ya dini ambalo hakuna mradi unaoweza kulimaliza. Wekeni utaratibu: asubuhi watu, mchana tangi la shamba. Na kikundi kichangie matengenezo ya pampu, maana sadaka huchimba kisima, aghalabu haibadilishi betri wala koki.

Lakini hakuna mtu mwenye akili atakayechimba kisima kwenye ardhi ya kuazimwa kwa maneno. Hapa dada yangu lazima nikaze kidogo. Mjomba ni mtu mwema, sina shaka. Ila Kusini Unguja bei ya ardhi imepanda kwa sababu ya hoteli hizo hizo mnazotaka kuziuzia, na shamba lenye maji si shamba lile la zamani. Mjomba akifariki, warithi wake hawakuazimana na nyinyi. Ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma chini ya Rais, na sheria ya ardhi ya 1992 inatambua haki ya matumizi. Hiyo ndiyo aliyonayo mjomba, nayo ndiyo anayoweza kuwakodisha. Mkataba uandikwe, wa miaka isiyopungua saba, kodi itajwe hata ikiwa ndogo, ielezwe kisima na mipira ni vya nani muda ukiisha, watoto wake wakubwa waweke saini, sheha ashuhudie, na mwanasheria autazame. Bila karatasi hiyo nisingeshauri mtu yeyote awape hata shilingi laki moja, na mimi mwenyewe nisingewapeleka kwa mfadhili.

Suala la ardhi ndilo pia linaloeleza kwa nini benki huwatazama wakulima wetu kwa jicho la mbali. Baada ya Mapinduzi ya 1964 Serikali iligawa mashamba ya eka tatu tatu kwa maelfu ya familia. Lilikuwa jambo kubwa la haki. Lakini mashamba hayo yalitolewa ili yalimwe, hayakutolewa yauzwe, na benki hupenda dhamana inayouzika. Mkulima anayo ardhi, ana mikarafuu na minazi juu yake, na bado mbele ya afisa mikopo anaonekana hana kitu. Njia za kuzunguka hapo zipo. Benki ya Maendeleo ya Kilimo Tanzania, TADB, iliyoanza kazi 2015, ina mfuko wa dhamana kwa wakulima wadogo ambao hubeba sehemu ya hasara pale benki ya biashara inapokopesha. Mkienda benki yoyote, ulizeni kwa jina: je, mnafanya kazi na mfuko wa dhamana wa TADB? Afisa wa tawi huenda asiseme asipoulizwa.

Na riba. Wenzako wasioitaka wasibezwe wala wasilazimishwe, na tena hawana haja ya kukaa pembeni. Benki ya Watu wa Zanzibar, PBZ, ina huduma za Kiislamu tangu 2011, mwaka ule ule ilipoanza Amana Bank; CRDB nayo inayo Al Barakah. Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi, ZEEA, unasimamia mikopo ya Serikali isiyo na riba kwa wajasiriamali na vikundi. Anzeni ZEEA, kwa sababu huko kikundi kilichosajiliwa, chenye barua ya sheha na daftari safi, kina nafasi hata kikiwa hakina nyumba ya kuweka rehani.

Kwa pampu, tangi na mipira ya matone, njia inayofaa ni murabaha. Benki inanunua vitu hivyo, inakuwa mmiliki, kisha inawauzia kwa bei ya juu kidogo mliyokubaliana, mnalipa kwa awamu. Bei haipandi hata mkichelewa. Pampu na tangi ni milioni 5, mipira milioni 2, jumla milioni 7. Tuseme mmekubaliana bei ya milioni 8 kwa miaka miwili. Sasa sikiliza, hapa ndipo pa kujadiliana: msikubali awamu 24 zinazolingana. Aprili na Mei mvua za masika zinamwagika, hoteli nyingi zimefunga au zina wageni wachache, na tungule zinaoza shambani. Ombeni miezi hiyo miwili isilipwe, mwaka wa kwanza na wa pili. Mtabaki na awamu 20 za shilingi 400,000. Ukilinganisha na mauzo ya hoteli ya milioni 1.2 kwa mwezi, hiyo ni theluthi. Ni nzito, na ndiyo maana soko la kijiji na la mjini lazima liwemo katika hesabu. Ila inalipika. Awamu ya Mei ndiyo inayovunja vikundi, maana akina mama huuza kuku na kukopa kwa jirani ili kulipa pampu ambayo mwezi huo haina kazi kwa sababu ya mvua.

Kitalu nyumba kitoeni kwenye orodha. Najua kinapendeza, na kila mgeni akija hupiga picha mbele yake. Lakini vitalu vingi vilivyoletwa visiwani vilichorwa kwa ajili ya nyanda za baridi. Hapa kwetu, kaskazi ikipiga, ndani mnapikika, maua ya tungule yanapukutika bila kufunga tunda. Mkipanda tungule, biringani na pilipili mahali pale pale msimu baada ya msimu, mnyauko wa bakteria unaingia kwenye udongo na hauondoki kwa dawa. Unaukuta mche umesimama mzuri asubuhi, jioni umelala ungali wa kijani. Ukikata shina ukalitia kwenye glasi ya maji unaona uzi mweupe kama maziwa unateremka. Mkiuona huo, ng'oeni mche na udongo wake mpeleke mbali, na pahala hapo mpande mahindi au mchicha. Mnachohitaji ninyi ni paa la nailoni juu ya kitalu cha miche kwa ajili ya masika, na wavu wa kivuli kwa ajili ya jua la Januari. Miti ya kwenu, fundi wa kwenu, na gharama yake haifiki hata milioni moja kwa eneo dogo la miche. Mmeokoa milioni 7.

Mbegu, dawa, na zile milioni 2 za kungojea hoteli: hizo ni za mifukoni mwenu. Msininunie. Mpango wa kuweka na kukopa kwa hisa ulianzia Niger mwaka 1991 kwa akina mama wa vijijini, shirika la CARE likausambaza, na visiwani kwetu ulifika mapema kuliko sehemu nyingi za Afrika Mashariki; jumuiya za kuweka na kukopa za JOSACA kule Jozani na PESACA kule Pemba zilizaliwa humo. Bila shaka nyumba mbili tatu kutoka kwako kuna kikundi cha hisa chenye sanduku lake la kufuli tatu. Mkiweka shilingi 5,000 kila mmoja kwa wiki, mama 18 mnapata 90,000, na milioni 3 zinatimia kwa wiki 34 hivi. Mkianza katikati ya Julai, mnafika mwanzoni mwa Machi.

Nimeitaja Machi kwa makusudi. Hoteli zinajaa kuanzia mwisho wa Juni mpaka Oktoba, kisha tena Disemba mpaka Februari. Tungule za kuvunwa Julai mosi zinahitaji siku kama 70 shambani na wiki nne kitaluni, kwa hiyo mbegu inaingia ardhini karibu tarehe 25 Machi. Miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, na vikundi vingi huvunja sanduku kabla ya Idi ili watoto wapate nguo. Sikukuu ni haki ya watoto. Lakini kikundi kinachogawana kila kitu siku tatu kabla ya Idi kinaingia msimu wa hoteli kikiwa mikono mitupu, kikaomba mkopo wa haraka Aprili kwa masharti mabaya. Fanyeni masanduku mawili: la nyumbani mligawane kabla ya Idi kama kawaida, la shamba lisifunguliwe ila kwa mbegu na kwa kungojea malipo.

Ramadhani yenyewe ni soko ambalo watu wanaoitazama pwani kwa wageni tu hulisahau. Muhogo, majimbi, ndizi mbichi, viazi vitamu, tungule za mchuzi: mwezi ule bei hupanda katika masoko ya Darajani na Mwanakwerekwe, na mnunuzi analipa papo hapo. Robo ya shamba lenu iwe ya futari. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni 538,264. Mwaka 2020, korona ilipofunga njia, wakawa 260,644. Waliolima majani ya saladi na basili kwa hoteli peke yake waliyalisha mbuzi. Waliokuwa na muhogo na mchicha walikula na kuuza. Leo wageni wamevuka 700,000 kwa mwaka na kila mtu anataka kuiuzia hoteli, nami nawatakia heri, ila watu wa visiwa vyetu ni karibu milioni 1.9 kwa sensa ya 2022 nao wanakula kila siku, masika na kaskazi.

Ipo njia nyingine ya kupata pesa kabla ya mavuno, ya zamani sana, na nashangaa haitumiki zaidi kwetu: mauzo ya salam. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende mwaka mmoja au miwili kabla, akawaruhusu kwa sharti la kipimo kinachojulikana, uzito unaojulikana na muda unaojulikana. Basi mwenye mkahawa wa samaki, au mfanyabiashara wa Mwanakwerekwe, anawalipa leo bei yote ya kilo 300 za bamia, daraja lililotajwa, za kupokelewa wiki ya kwanza ya Agosti. Yeye anapata bei nafuu, nyinyi mnapata mtaji bila riba. Sharti ni kwamba analipa yote mwanzo, na bidhaa inatajwa kwa sifa zake bila kufungwa na shamba fulani. Mazao yenu yakiharibika, mnatakiwa kutafuta bamia za sifa hizo kwingine au kurudisha fedha. Kwa hiyo msiuze kwa salam zaidi ya nusu ya mnachotarajia kuvuna. Shekhe wa hapo kijijini mshirikisheni katika maandishi, awe shahidi, na mtaona hata wanaume waliokuwa wakisitasita watawaunga mkono.

Mfadhili nimemweka mwisho. Wafadhili wamefanya mema mengi hapa. Umoja wa Ulaya uligharamia mradi wa Viungo, uliowafunza wakulima wa viungo, mboga na matunda Unguja na Pemba, na Korea ilikopesha fedha za mabonde ya umwagiliaji ya mpunga, Cheju, Kilombero, Chaani na Kinyasini kwa Unguja, Mlemele na Makwararani kwa Pemba. Marekani nayo ilikuwa na mradi wake wa mboga na matunda. Kisha Januari 2025 Serikali ya Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na kufika Julai mosi shirika la USAID likawa limefungwa. Kikundi ambacho mbegu zake, nauli zake na mshahara wa msimamizi wake vilitoka kwa mfadhili hakikuwa na la kufanya.

Kwa hiyo kwa mfadhili ombeni vitu ambavyo akiondoka vinabaki: mafunzo ya afisa kilimo shambani kwenu kwa msimu mzima, kipimo cha chumvi, chumba cha ubaridi cha kutumia vikundi vitano au sita pamoja pale Kitogani au Makunduchi. Chumba cha ubaridi hakiwezi kulipwa na kikundi kimoja, na bila hicho mchicha wa saa kumi na mbili asubuhi saa nane mchana umeshanyauka. Hilo ni ombi zuri, na mkiliandika vikundi sita kwa pamoja lina uzito kuliko maandiko sita ya kuomba tangi.

Na kama kuna diwani au mwakilishi anayesoma hapa, nina ombi kwake pia. Jamaica, kisiwa kinachoishi kwa utalii kama chetu, inatoza kila msafiri anayeingia kwa ndege dola 20 zinazokwenda kwenye mfuko wa kuendeleza utalii. Kutokana na mfuko huo ilianzishwa ALEX, mtandao unaomuonyesha mnunuzi wa hoteli ni mkulima gani ana mzigo gani wiki hii. Sisi tunatoza wageni kwa usiku wanaolala, na tangu Oktoba 2024 wageni kutoka nje ya nchi hulipa bima ya dola 44. Sehemu ndogo ya makusanyo ya utalii ingeweza kuwa dhamana ya kuwalipa wakulima ndani ya siku saba, kisha mfuko ukaidai hoteli. Shida ya siku 45 ingekwisha kwa uamuzi mmoja, na mboga za Muyuni zingeliwa kwenye hoteli za Paje.

Tukirudi kwenye hesabu yenu: kisima milioni 9 za sadaka, vifaa milioni 7 kwa ZEEA au murabaha, mbegu na fedha ya mzunguko milioni 3 za sanduku lenu, kitalu cha miche chini ya milioni moja, ambayo wanachama wanaweza kuigawana kwa miti na nguvu zao. Haifiki milioni 20, na hakuna mtu mmoja atakayeishika shingo ya kikundi.

Utaratibu ni mkataba wa mjomba, kisha kipimo cha chumvi, kisha usajili wa kikundi, namba ya mlipakodi na risiti za kielektroniki, maana hoteli haitanunua bila risiti. Huku hayo yakiendelea, watumeni wawili wenu, yule anayejua hesabu na yule anayejua shamba, wakamwone mtu wa manunuzi wa hoteli moja tu iliyo karibu. Wasimpe bei siku hiyo. Wamuulize ananunua kilo ngapi za kila mboga Julai na ngapi Mei, ni kitu gani anachokikataa akikiona kwenye kreti, na analipa baada ya siku ngapi. Waandike pale pale. Niletee majibu hayo pamoja na kipimo cha maji, nami nitakaa na mweka hazina wenu tupange eka mbili hizo wiki kwa wiki.